Maji ya Namugongo

Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya wangu!

Tumerudi salama kutoka hija ya Namugongo, Uganda, juzi usiku ndo basi limetushusha hapa Bukoba, miguu imevimba na sauti zimekauka kwa kuimba, kwa hiyo mnisamehe tafakari imechelewa, siku ya kuituma mie nilikuwa Masaka nagombania ile chapati ya kukunjia mayai dirishani.

Somo ni Marko 5, aya ya 18 mpaka 20, ule mwisho wa habari ya yule bwana wa makaburini. Mnamjua, ndo yule aliyekuwa anakata minyororo na kujikatakata kwa mawe, Yesu akamponya, nguruwe wakaishia ziwani. Sasa Yesu anapanda chombo aondoke, jamaa anamsihi, Bwana twende wote. Na Yesu anakataa! Hapo huwa pananigomea. Wengine anawafuata kwenye nyavu zao anawaita, huyu kajileta mwenyewe anaambiwa rudi kwenu, kawasimulie watu wa nyumbani.

Nilikuwa nairudia hiyo kuanzia foleni ya Mutukula mpakani mpaka tunavuka daraja la Kagera pale Kyaka, basi zima limelala, mmoja tu anakoroma kwa sauti ya besi (ni wa kwaya, simtaji).

Niwaambie ukweli, kule Namugongo kuwa mtakatifu wala si kazi. Unalala kwenye mkeka, mtu anakukanyaga mkono unamwambia hamna shida mpendwa, foleni ya choo ndefu unasali rozari, mama usiyemjua anakumegea matoke unasema webale nnyo, asante sana, machozi yanakulenga, halafu unawaona wenzako waliotembea kwa miguu siku na siku, vidonda vya malengelenge na bado wanaimba. Basilika yenyewe imejengwa mfano wa msonge wa Kiganda, ina nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, na imesimama pale pale alipochomwa Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886. Ukipiga magoti pale unaona kama umeshamaliza, imebaki tu kutangazwa.

Ila safari hii aliyenishika si Lwanga, ni mwenzake Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wale wauaji wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa anaitwa Mukajanga, na Mbaga ni mwanae, wengine wanasema wa kulea. Baba mtu anambembeleza, kana tu mwanangu, au basi nikufiche. Kijana hataki. Mwishowe baba akaagiza apigwe kwanza shingoni afe, asije akausikia moto. Na mjue hawakuchomwa siku waliyofika, walikaa pale karibu wiki nzima wamefungwa wakati kuni zinakusanywa, kwa hiyo huyu mtoto hakukataa mara moja, alikataa leo na kesho na kesho kutwa, na anayemlilia ni mtu anayempenda. Mbele ya mfalme mkali labda hata mie ningejikaza. Mbele ya mzee wangu analia, mmh, sijui.

Ndo nikaanza kumwelewa Yesu kidogo. Kwenye chombo yule bwana angekuwa mwepesi tu, kila mji wanaofika ni mgeni, anatoa ushuhuda, watu wanasema amina. Nyumbani wanamjua. Walimwona makaburini, walimsikia usiku akipiga kelele, hao hawatasikiliza ushuhuda, wataangalia anavyokula na anavyomjibu mke wake.

Hata hii imani tunayoikimbilia Uganda ilishapita njia yetu hii hii jamani, wale White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, walitokea Bagamoyo wakapita Tabora, wakavuka ziwa kutoka upande wa Mwanza wakamfikia Kabaka wa wakati ule mwaka 1879, halafu 1892 ndo ikarudi huku kwetu Kashozi. Wazee wetu waliipokea ikiwa inarudi.

Sasa yangu. Nilibeba kidumu cha lita tano cha maji ya kule kwenye kiziwa cha Namugongo, nimekipakata njia nzima, sikukiweka hata chini ya siti. Asubuhi naamka nimechelewa, nakuta kidumu kitupu. Mjukuu wangu kaamka kabla ya bibi, bomba halitoi tangu juzi, kaona maji kayainjikia maharage. Ee bwana, nilifoka! Nilifoka na rozari mpya ikiwa shingoni, nikamwita majina ambayo hapa siandiki, mtoto kasimama na mwiko anasema bibi si ni maji? Sikuwa nimemaliza hata masaa kumi na mawili nyumbani.

Katikati ya kufoka nasikia hodi. Ni jirani yangu wa juu, yule tuliyenuniana tangu masika kwa ajili ya migomba ya mpakani, mwenyekiti anajua maana alikuja kusuluhisha akashindwa. Na mjue, kwenye kile kikaratasi cha nia nilichokitumbukiza kule niliandika jina lake, Bwana amlainishe moyo. Yeye hajaenda popote, hana hata pasi. Kasimama mlangoni ana mkungu wa ndizi kichwani, anasema pole na safari mama, nimesikia sauti yako nikajua umerudi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamkaribisha, kiti kimoja tu ndo hakikuwa na mizigo nikampa yeye, mimi nikakaa kwenye begi. Mjukuu akaleta maharage, yameiva vizuri. Tukala hatusemi kitu, migomba hakuna aliyeitaja, kisha akaongeza upawa wa pili akasema maharage yamekolea haya, mmeweka nini?

Mjukuu akanitazama mimi.