Mahandaki mawili ya saileji, Uyui

Mwaka ule mvua za Tabora zilikuwa nzuri, na ilipofika Machi ekari moja ya mahindi ya mzee wetu mmoja wa Uyui ilikuwa imefikia hatua ya kukatwa kwa saileji, yaani lishe mbichi ya mifugo inayochachushwa na kuhifadhiwa pasipo hewa. Punje ukiiminya kwa ukucha, haitoi tena maziwa mepesi, inatoa uji mzito. Ukiwahi kabla ya hapo, mmea una maji mengi na sukari yake huvuja nayo. Ukichelewa, mabua yamekauka na hayashindiliki.

Mama mwenye nyumba alitutazama tunanoa mapanga, akauliza, "Mahindi ya watoto ndiyo mnawapa ng'ombe?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mahindi ya saileji hukatwa mazima, bua na punje zake, maana wanga uko kwenye punje. Mzee akaamua mistari ya karibu na nyumba ibaki ya kuliwa.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya shimo. Mzee alitaka moja, pana. Alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, na kwa kilo 20 kila mmoja wangekula kilo 80 kwa siku. Shimo pana ukilifungua unachota tabaka jembamba tu kila siku. Sehemu kubwa inabaki wazi, inapigwa na hewa, inapata moto na kuota ukungu. "Mzee," tukamwambia, "tuchimbe mawili membamba." Akatupatia kamba, tukapima: urefu mita 6, upana mita 1, kina mita 1. Saileji iliyoshindiliwa vizuri hufikia kama kilo 550 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kila handaki lingebeba tani 3 na ushee, chakula cha siku 40 hivi. Uso wake ungekatwa karibu sentimita 15 kila siku. Mabua na hei, yaani majani yaliyokaushwa, vingewafikisha mwisho wa Julai, kisha mahandaki yangebeba Agosti hadi Oktoba, wakati hata ngitili, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, imebaki vijiti vitupu.

Tulichimba palipoinuka, si mbugani ambako Machi maji huchimbuka yenyewe. Udongo wa pale ni kichanga, hivyo kuta tulizitandika nailoni nyeusi nzito.

Mashine ilikatakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Virefu zaidi ya hapo huacha mapengo, na hewa ndiyo adui. Bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa hufanya kazi pasipo hewa; wakishusha pH, kipimo cha uchachu, hadi kama 4, vijidudu vya kuozesha havifui dafu. Hewa ikibaki, majani yanaendelea kupumua, yanachoma sukari na kupata joto. Ndiyo maana handaki lililoanzwa asubuhi lazima lifungwe siku hiyo hiyo.

Kila tabaka la sentimita 15 lilipitiwa na pipa la lita 200 lililojaa maji, likivingirishwa huku na huku. Pipa halifiki pembezoni, kwa hiyo vijana walikanyaga kingo na kona kwa miguu, na hapo ndipo kazi hutegewa zaidi. Jirani mmoja alileta molasi. Tukamshukuru, tukaiweka kando: mahindi yana sukari ya kutosha. Majani ya mabingobingo ndiyo huihitaji, kama kilo 30 kwa tani, ikichanganywa na maji ili inyunyizike. Kipimo cha unyevu kilikuwa mkono. Ulifumba ngumi, ukaibana nusu dakika, ukaifumbua. Bonge lilifunguka taratibu, kiganja kikabaki kibichi bila tone kudondoka. Hapo pazuri.

Jioni tulijaza hadi likavuka usawa wa ardhi na kuwa na mgongo wa paa, tukafunika nailoni, tukamwaga udongo wa sentimita 30, tukazungushia mfereji. Mvua za Aprili zilikuwa bado zinakuja.

Agosti tulifungua ncha moja tu, ile ya upande wa mteremko. Rangi ilikuwa kijani cha kuelekea manjano, harufu kali ya uchachu mtamu. Lakini kwenye kona moja panya walikuwa wametoboa nailoni. Chini ya tundu palikuwa na ukungu mweupe, ukubwa wa sinia, na pembeni yake kahawia yenye harufu ya tumbaku inayokauka kwenye bani, harufu ambayo kila mtu pale anaijua. Harufu hiyo maana yake saileji ilipata moto, na protini iliyoungua ng'ombe hawezi kuimeng'enya. Kijana mmoja akasema kidogo hakitawadhuru. Hapana. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto. Tuliukata ukungu wote pamoja na kiganja kizima kuuzunguka, tukaufukia mbali na kuku.

Ng'ombe walianzishwa kwa kilo 5, wakapandishwa hadi 20 katika siku kumi. Walilishwa baada ya kukamuliwa, kwa sababu maziwa hushika harufu. Mashudu ya alizeti yaliongezwa, maana saileji ya mahindi ina protini ndogo. Na uso wa handaki ulikatwa wima kila siku, juu hadi chini, bila kuchimba mapango, kisha nailoni ikarudishwa na kukandamizwa kwa magogo.