Ange, Chance na Fiston: neno la Kifaransa likiwa jina la mtoto

Andika "Ange" kwenye daftari la mahudhurio Dar es Salaam, kisha mpe mwalimu alisome. Atasema a-nge, na darasa zima litangoja amalizie: angekuja? angekula? Kwa Kifaransa neno hilo ni malaika, hutamkwa kwa mkupuo mmoja, sauti ikipita puani, na ile e ya mwisho haisikiki. Mwalimu hajakosea. Amesoma Kiswahili kinavyosomwa, herufi kwa herufi.

Neno kuwa jina si jambo geni kwetu. Tunao akina Neema, Tumaini, Zawadi, Bahati na Furaha, na hakuna anayeuliza. Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, nyumba moja inaweza kuwa na Bahati na Espérance (tumaini), Neema na Trésor (hazina). Kule neno la Kifaransa lina kazi ya kufanya. Dieumerci ni shukrani kwa Mungu iliyounganishwa ikawa jina. Exaucé ni jibu la maombi. Plamedi hulipati kwenye kamusi yoyote, maana limekatwa kutoka "plan merveilleux de Dieu", mpango wa ajabu wa Mungu. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliyapiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, na yeye mwenyewe akaliacha Joseph-Désiré. Désiré maana yake aliyetamaniwa. Majina hayo yamerudi tele, na sioni kama ni utumwa wa lugha. Ni Kifaransa kilichokwisha kuwa cha wenyewe.

Mashaka yangu ni kwa neno linalookotwa kwa sababu linaonekana zuri likiandikwa. Mashabiki wa Yanga walimshangilia Fiston Mayele misimu miwili, na sidhani wengi walijua kwamba "fiston" ni namna ya mzazi kumwita mwanawe wa kiume kwa mapenzi, karibu na "kijana wangu". Kule Kongo, Fiston ni jina la kawaida kabisa, hata kwa mzee wa miaka sitini. Mpe mtoto Arusha jina hilo, halafu akutane na Mfaransa: atacheka kidogo kwanza.

Kamusi itakupa maana, lakini haitakwambia neno linavyotaniwa. Ufaransa penyewe, hadi mwaka 1993 majina yalibanwa na sheria ya 1803: ya kalenda, au ya watu wa historia ya kale. Sasa mzazi yuko huru, ila karani akiona jina litamdhuru mtoto humwarifu mwendesha mashtaka, na shauri huweza kufika kwa hakimu. Mahakama ya Valenciennes ilikataa Nutella, ikakataa pia Fraise, yaani stroberi, kwa sababu Wafaransa wana msemo "ramène ta fraise", wa kumsema anayejipenyeza pasipomhusu. Mtoto akaishia kuitwa Fraisine. Lakini Clémentine na Prune, matunda vilevile, hupita bila neno. Kwa hiyo ukimpata mtu aliyekulia kwenye Kifaransa, usimuulize maana tu. Muulize watoto wa shule watalifanyia nini.

Na utani wa kwetu je? Doudou kwa Mfaransa ni kile kidoli laini cha kulalia, ila masikioni mwetu ni dudu. Coucou nalo tutalisikia kuku.

Kisha kuna sarufi. Aimé ni mvulana, Aimée msichana, na sauti ni ileile. Ndivyo ilivyo kwa René na Renée, Désiré na Désirée. E moja ikidondoka kwenye cheti, barua ya Kifaransa kutoka Brussels itamwita binti yako bwana. Nomino hazina shida hiyo: Merveille, yaani ajabu, kisarufi ni la kike, ila Kongo wavulana nao wanaitwa hivyo.

Alama za juu ya herufi nazo zina mambo yake. Ile mistari miwili chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti hukubali A hadi Z, tarakimu na alama ya < basi. Désiré hapo ni DESIRE, na Nairobi litasomwa kwa Kiingereza, "dizaya". Chance nalo hugeuka kutoka bahati likawa nafasi, Divine likawa "divaini". Kinachosumbua zaidi ni jina kuwa Dezire kwenye kadi ya kliniki, Desire kwenye cheti, Désiré kwenye ubatizo. Chagua tahajia moja, ikiwezekana isiyo na alama, iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi na umkabidhi karani. Usimtamkie dirishani, kwa sababu ataandika anachosikia. Soma kabla ya mhuri.

Amour ndilo linalonifurahisha. Kule Bukavu, neno hilo ni upendo wa Kifaransa. Kule Zanzibar, ni jina la kiume lenye asili ya Kiarabu, na wenye nalo wamelirithi kwa mababu zao, hawana habari na Paris. Herufi ni zilezile tano.