Siku niliyomwashia mama mkwe hita

Jumamosi asubuhi binti yangu kaja na kikombe cha chai, kakiinamisha nione ndani, ananiuliza, "Baba, haya maganda ya mayai yametoka wapi?" Nikachungulia. Vipande vyeupe vyembamba vimetulia chini pamoja na majani ya chai. Nikamwambia siyo mayai hayo, ni birika. Nikaenda jikoni nikafunua birika la umeme, ndani kote kumeota utandu mgumu mweupe wa kijivujivu, ukiukwangua kwa kucha unabanduka kama chokaa ya nyumba ya zamani. Wa Dodoma mnaelewa. Nikabaki nimesimama na mfuniko mkononi nacheka peke yangu, maana utandu huo mimi niliwahi kuuona sehemu nyingine, na uliniaibisha vibaya mno mbele ya mkwe.

Ni kwenye lile gari langu la zamani, Toyota Carina. Ti, injini ya 5A, nyeupe iliyokuwa imeanza kuwa ya njano, tulihama nayo Dar 2017 wizara zilipohamia huku. Dar haikuwahi kuchemsha, pamoja na foleni zote zile za Ubungo na kiyoyozi kinanguruma. Dodoma mwaka haujaisha mshale wa temperecha umeanza tabia. Mjini freshi, ila ukitoka nje ya mji umejaza watu au ukikuta kamlima, mshale unaachia katikati unapanda mdogo mdogo kama mtu anayenyemelea kuku. Mi dawa yangu ilikuwa maji. Kila Jumapili kabla ya ibada boneti juu, mpira wa bustani ndani ya rejeta, ile inayopooza maji ya injini, maji ya bomba mpaka yafurike. Nilikuwa najiona mwenye gari makini kweli.

Mwezi wa nane nikaipeleka kwa fundi mmoja Kizota. Yule bwana hakuwa na haraka. Akaangalia mfuniko wa oili kama kuna ule uji mweupe wa maji kuingia kwenye oili, hamna. Akafungua rejeta ikiwa ya baridi, akawasha, akachungulia kama yanatoka mapovu, maana mapovu yasiyokoma hapo ujue gasketi ya silinda hedi imeondoka na mfuko wako umeondoka nayo. Hamna. Akaacha injini ipate moto, akazima, akachomoa waya wa feni, halafu akaanza kupitisha kiganja juu ya rejeta taratibu kama daktari anayetafuta bandama. "Bosi, shika hapa." Moto. "Sasa shika hapa." Baridi. Yaani rejeta moja, kipande kinaunguza na kipande kimepoa kama mtungi.

"Hapa maji hayapiti," akasema. "Imeziba kwa chumvi. Tuifumue, 80,000, halafu uweke kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, uachane na maji ya bomba."

Mi nikasikia 80,000 tu, mengine yote yakapita. Nikajua ndo walewale. Nikamwambia nitarudi, na "nitarudi" ya gereji mnaijua.

Nikaenda kwa mwingine. Huyo hakushika chochote, aliuliza tu "inachemsha?" akachukua spana. Akang'oa thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ni kweli ikikwama imefungwa gari itachemsha, ila kujua kama imekwama wala siyo kazi, unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto unaangalia inafunguka au la. Yeye akairusha kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Nchi ya joto hii bosi, hii kitu ya Ulaya." 20,000. Na kweli ikatulia wiki kadhaa, nikawa namsimulia kila mtu ofisini jinsi nilivyokwepa kupigwa.

Mwezi wa kumi ukatokea msiba Manyoni, upande wa mke wangu. Yeye akatangulia na basi na mtoto mgongoni, mimi nikaachiwa kumpeleka mama mkwe pamoja na shemeji yangu mdogo, wakati ule yuko form six, anajua kila kitu kwa sababu ameona video.

Sasa mimi na mama mkwe. Yule mama ni Mgogo wa Chamwino, na mimi mtu wa Tanga, huwa tunaheshimiana kwa umbali. Akakaa siti ya nyuma upande wa kushoto, kanga mpaka usoni, dumu lake la maji lita 5 miguuni na kifurushi cha mlenda mkavu cha kupeleka kwa wafiwa. Ananiita baba Neema, mimi namwitikia "naam mama" na macho barabarani. Mpaka tunapita Bahi tulikuwa tumeongea labda sentensi nne, na tatu zilikuwa za mpunga.

Mwezi wa kumi huku hauna huruma. Vumbi, majani yamekauka, mibuyu imesimama uchi. Bahi mpaka Kintinku ni tambarare, mshale umetulia. Ukishapita Kintinku ndo unaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, mlima Sukamahela, na malori yanapanda kwa gia moja yanatoa moshi, wewe uko nyuma yake huwezi kuovateki, gari inavuta mzigo lakini upepo wa kupooza rejeta haupo kwa sababu mwendo ni wa punda. Nikaona mshale umetoka katikati. Nikazima kiyoyozi. Ukaendelea. Robo tatu.

Hapo nikakumbuka kitu nilichoambiwa zamani na dereva mmoja wa lori, kwamba gari ikitaka kuchemsha na huna pa kusimama washa hita mpaka mwisho, kwa sababu hita nayo ni karejeta kadogo ndani ya dashibodi, inanyonya moto wa injini inautupa ndani ya gari. Kitaalamu sahihi kabisa. Ila jaribu wewe kumweleza mama mkwe.

"Mama, samahani, nitawasha hewa ya moto kidogo."

Kimya. Halafu, "Ya nini tena baba Neema?"

"Ya kupunguza joto mama."

Sikusikia jibu. Nikazungusha, nikaweka feni namba 4. Jamani. Ule upepo ulitoka kama umefungua tanuri la mikate. Shemeji akatoa kichwa dirishani kama mbuzi aliyepakiwa kwenye kirikuu. Mimi jasho linaingia machoni, shati limegandia kwenye siti, kwenye kioo cha ndani namwona mama amefumba macho, kanga ameisogeza pembeni ya paji la uso, midomo inasogea, sijui anasali au ananisema. Mshale ukasimama. Haukushuka ila ukasimama, nikasema Mungu wangu tutafika.

Dakika kama mbili hivi. Halafu nikasikia sauti nyuma, ya upole kabisa, "Afadhali sasa, upepo umeanza kupoa."

Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa. Kweli, unapoa. Sijagusa kitu, hita iko mpaka mwisho, injini ya moto, halafu upepo baridi. Mwili wote ukasisimka. Hita inapuliza baridi na injini inaungua maana yake ndani hakuna maji ya kuizunguka, yameisha. Mama wa watu nyuma anashukuru, mimi mbele najua injini inakufa. Shemeji anasema "Alhamdulillah" na hata siyo Mwislamu.

Nikakanyaga breki nikatoka nje ya lami nikazima. Ndo ule mvuke ukaanza, fiiiii, na ile harufu. Shemeji kasharuka, kafungua boneti, kavua fulana kaizungushia mkononi anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Mama ndiye aliyempigia ukelele kutoka siti ya nyuma, hata viatu hajavaa.

"Wee! Ushaona nani anafunua chungu kinachochemka hivyo kwa mkono? Toka hapo!"

Na alikuwa sahihi kuliko sisi wote. Huku kwetu juu maji yanachemka hata kabla ya nyuzi 100, Dodoma ni 96 hivi, kinachoyafanya yavumilie zaidi ya hapo ndani ya gari ni ule mfuniko wenye springi unaoyakandamiza. Ukiufungua yakiwa ya moto yanalipuka yote mara moja usoni kwako. Fizikia ya form six ilikuwepo pale imevua fulana, ila aliyeijua alikuwa mtu wa chungu.

Tukakata matawi tukaweka barabarani nyuma na mbele. Tukakaa chini ya mti karibu saa nzima. Watoto wenye mbuzi wakapita, wakasalimiana na mama mbukwa zao, wakauliza habari zetu kwa Kigogo, mama akajibu kitu kirefu na wote wakaangua kicheko wakiniangalia mimi. Sikuuliza. Baadaye injini ilipopoa akanisogezea lile dumu lake bila neno, nikawasha nikamimina kidogo kidogo, maana ukimwaga maji baridi ghafla kwenye hedi ya moto unaweza kuipasua. Manyoni tuliingia kwa kubembeleza, wamekwisha kuzika.

Niliporudi Dodoma nikaenda kwa yule wa Kizota. Nikamwambia nilisafiri kikazi ndo maana sikurudi. Akafumua, akafika kwenye sehemu ya thamostati akakuta pango. "Bosi, ilienda wapi?" Nikasema sijui, nilinunua gari hivyo. Akacheka kwa pua tu. Akafungua vile vikucha vya tanki la juu la rejeta akaniita nione. Vile vitundu vya mabomba vilivyotakiwa kuwa wazi, nusu vimezibwa na utandu mgumu mweupe, huu huu wa birika. Maji ya visima vya Makutupora (siyo ile Makutupora ya reli kule Manyoni, hii ya kwetu kaskazini ya mji) yana chumvichumvi na chokaa, ukiyachemsha inabaki, na mimi nilikuwa nachemsha kila siku na kuongeza mengine kila Jumapili. Akasema hii hata tukizibua haifiki mbali, tukatafuta ya mtumba. Kulanti, ikikosekana maji ya betri.

Ukweli wa thamostati sijamwambia mpaka leo. Pale palipokuwa na gereji yake sasa kuna fremu za maduka.

Basi binti alipotaka kujua nacheka nini nikaona nimpigie bibi yake amsimulie mwenyewe. Nikaweka spika. Bibi hakutaja rejeta wala chumvi wala mlima.

"Baba yako," akasema, "alitaka kunikausha kama mlenda."

Mtoto kacheka mpaka chai ikamwagika. Nikachemsha nyingine. Birika lilelile, maji yaleyale, ndimu za kulisafishia zilikuwa zimeisha.