Darasa la Kuazima

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Matendo ya Mitume 19:8-10. Paulo, mzaliwa wa Tarso, yuko Efeso, mji wa watu. Miezi mitatu amefundisha katika sinagogi, mpaka baadhi ya wasikilizaji wakakaidi na kuitukana ile Njia, yaani imani ya wafuasi wa Yesu, mbele ya mkutano. Akaondoka na wanafunzi wake, na Luka anatuambia alikoelekea: "akahojiana na watu kila siku katika darasa ya mtu mmoja, jina lake Tirano."

Tirano hatajwi tena popote katika Biblia. Alikuwa na darasa, Paulo akalitumia, basi. Nakala nyingine za kale za Kigiriki zinaongeza hata saa: tangu saa tano mpaka saa kumi. Sisi tunaohesabu saa kama walivyohesabu wao tunaelewa mara moja. Hilo ni jua la utosi. Watu wamekula, wamejilaza, na chumba ni kitupu kwa sababu hakuna anayekitaka wakati huo. Na Paulo haji hapo akiwa amepumzika. Yeye ni fundi wa mahema, na baadaye atawakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomtunza yeye na wenzake (20:34). Anatoka kazini, anaingia darasani. Kila siku, kwa miaka miwili.

Nimelisoma somo hili nikimfikiria binti yetu, mwalimu aliyetoka Kigoma, anayefundisha Kiswahili katika shule ya msingi upande wa Mpigi, hapa Uganda. Ni kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni, na ni mara yake ya kwanza kuishi nje ya Tanzania. Ameniruhusu niwaandikie habari zake.

Shule haikuwa na chumba cha ziada. Akapewa ukumbi wa kanisa la jirani, mabenchi na mimbari. Siku za wiki ni darasa, Jumapili ni ibada. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana hushusha kila kitu ukutani, na Jumatatu alfajiri hukitundika upya. Niliwahi kumkuta akiandaa vifaa vyake. Waalimu wa hapa walimfundisha kutumia magunia ya sukari badala ya karatasi za manila, ambazo ni ghali na huchanika upesi. Gunia hufumuliwa mshono, likafuliwa, likakauka, kisha likapakwa uji mzito wa muhogo ili rangi isitawanyike. Likishakauka tena, ndipo huchora. Akifika Ijumaa hulikunja kama mkeka, akafunga kwa kamba ya katani. Kwenye gunia la kwanza aliandika maneno ambayo watoto wanayo tayari nyumbani kwa Luganda, lugha ya Buganda: kitabu na ekitabo, meza na emmeeza, kalamu na ekkalaamu, sabuni na ssabbuuni. Visoda vya kuhesabia waliokota watoto wenyewe.

Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mwalimu huyu naona mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni kwanza. Wasichana wa darasa lake humpigia magoti wakimwamkia, kama wanavyolelewa Buganda, na mwanzoni hakujua aitikie nini. Watoto wakamfundisha. Sasa kipindi huanza kwa wao kumrekebisha Luganda yake, wanacheka, naye anarudia mpaka atamke sawasawa, ndipo wanageukia Kiswahili. Mtoto aliyemrekebisha mwalimu wake haogopi tena kukosea mbele yake. Nadhani hiyo ndiyo neema iliyomo katika chumba cha kuazima. Mwenye chumba chake huingia akiwa bwana wa mahali. Aliyeazimwa hubisha hodi, na anayebisha hodi husikiliza kwanza. Naamini Mungu huwapa watumishi wake vyumba visivyo vyao kwa makusudi.

Lakini nisiwafiche ugumu. Bibi wa mtoto mmoja, jjajja mwenye heshima zake, alifika langoni kumwambia kwamba hataki mjukuu wake afundishwe lugha ya bunduki. Ndugu zangu tuliotoka Kongo, Kenya na Tanzania, tusilichukulie neno hilo kama ujinga. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hapa tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Mwaka 1973 Idi Amin aliamuru kiwe lugha ya taifa. Wazee wengi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye silaha. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hayo ni mema, nami nayafurahia. Ila amri ya serikali haiponyi kumbukumbu ya mama aliyevuliwa vitu vyake njiani kwa lugha hiyohiyo.

Mwalimu wetu hakubishana. Alimpa jjajja kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba aje akae darasani siku yoyote apendayo. Alikuja. Alikaa benchi la nyuma kimya, akaondoka bila kuaga. Bado hajasema kwamba ameridhika, lakini mjukuu anaendelea kuja.

Yapo pia ya upande wa pili, ambayo waamini tunapaswa kuyakumbuka. Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, yeye mmisionari na fundi wa mitambo kutoka Uskoti, Injili alizoanza kuzisoma na watu zilikuwa za Kiswahili, kwa sababu watu wa ikulu ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, walikuwa wamekizoea kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Hakuishia hapo. Alijifunza Luganda, akatafsiri, akachapa kurasa kwa mtambo wake, akafundisha vijana kusoma. Wa kwanza katika misheni yake walibatizwa mwaka 1882. Naye pia alikuwa mgeni aliyekaa kwa ridhaa ya wenyeji, na mwaka 1887 ridhaa hiyo ikakoma, akaondolewa. Alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Biblia nzima ya Luganda ilipotoka mwaka 1896, yeye alikuwa kaburini. Kwa hiyo lugha iliyoleta hofu langoni mwa shule ile ndiyo iliyowahi kubeba habari njema hadi ikulu. Sisi tunaoizungumza humu kila siku ndio tutakaoamua jjajja yule aisikie vipi safari hii: sokoni, kwenye teksi, tunapogombana na jirani.

Mwalimu aliniambia jioni moja kwamba kinachomchosha zaidi ni Ijumaa, kushusha alichokijenga. Sikumpa jibu la haraka. Nilimsomea mstari wa 10: "Mambo haya yakaendelea kwa muda wa miaka miwili, hata wote waliokaa Asia wakalisikia neno la Bwana." Jimbo zima la Kirumi lililoitwa Asia, kutoka chumba cha mtu mwingine, katika saa ambazo wengine wamelala. Luka hatupi hata hotuba moja ya zile siku. Anatuachia neno "kila siku", nami naliona zito kuliko hotuba.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekosa mahali pa kulaza kichwa chako, wakumbuke waalimu wote wanaofundisha mbali na kwao. Wape wenyeji wenye moyo wa Tirano. Mpe mwalimu wetu nguvu za Jumatatu na uvumilivu wa Ijumaa. Mguse jjajja yule pale panapouma, kwa namna unayoijua wewe. Tusafishe vinywa vyetu. Kwa jina la Yesu, amina.

Mwenye magunia safi ya sukari au rangi iliyobaki nyumbani alete Jumapili, tuyapokee mlangoni. Wanaoweza kushona mapindo waje Jumamosi mchana, akina baba pia. Na wiki ijayo tunasoma Matendo 20:17-38. Msome nyumbani kabla ya kukutana.