Nilivyopanga na Kuanzisha Bustani ya Maua Nyumbani

Kabla ya kununua mbegu yoyote, nililifuatilia jua. Asubuhi, adhuhuri na alasiri nilichomeka vijiti pale kivuli cha nyumba na cha mti kilipoishia, kisha nikayahamishia yote kwenye karatasi, kwa kuwa waridi, zinia na alizeti huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Mchoro haukunipendeza. Mahali nilipopatamani, mbele ya dirisha la sebule, palipata jua la asubuhi tu, ilhali ukanda mwembamba kando ya ukuta wa nyuma, ambako wageni hawafiki, ulipata jua karibu mchana kutwa. Niliutii mchoro: begonia, ambazo hustahimili kivuli, zikaenda dirishani, na maua yapendayo jua yakaenda nyuma.

Udongo ndio ulionichukulia muda mrefu zaidi. Nilichota kiasi kutoka chini kidogo ya uso wa ardhi, nikautia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana hadi theluthi moja, nikaongeza maji, nikaitikisa kwa nguvu na kuiacha itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika chache, tope laini hufuata baada ya saa kadhaa, na chembe za mfinyanzi huweza kuelea kwa siku nzima au zaidi. Tabaka langu la mfinyanzi lilikuwa nene. Ili kujua maana yake kwa mizizi, nilichimba shimo la kina cha sentimita 30, nikalijaza maji, nikasubiri yaishe, nikalijaza tena na kupima yanavyoshuka; penye udongo mzuri hushuka takribani sentimita 2 hadi 5 kwa saa, lakini ya kwangu yalijikokota.

Wapo wanaoshauri kuchanganya mchanga kwenye udongo wa aina hiyo. Mimi sikuufuata ushauri huo, kwa sababu mchanga usipokuwa mwingi mno huweza kuufanya mfinyanzi ushikamane na kuwa mgumu zaidi. Nilichanganya mboji na samadi iliyooza kabisa, maana samadi mbichi huunguza mizizi, kisha nikainua tuta ili maji ya ziada yapate pa kutokea. Upana wa tuta niliupima kwa mkono wangu: kwa kuwa ukuta huzuia upande mmoja, sentimita 60 zilitosha kunifikisha nyuma bila kukanyaga na kuushindilia udongo niliokwisha kuulegeza.

Upangaji wenyewe haukuwa mgumu. Alizeti zilikaa nyuma, zinia katikati kwa nafasi ya sentimita 30 hivi, na marigoldi fupi ukingoni. Waridi niliutengea pembe yake, kwani ni kichaka cha miaka mingi, na kukibana kati ya maua ya msimu mmoja ni kukaribisha magonjwa ya ukungu.

Mbegu za zinia nilizipanda moja kwa moja tutani, nikazifunika kwa udongo mwembamba, nazo zikachipua haraka kama kawaida yao ardhi inapokuwa na joto. Miche ilipozidi kimo cha shibiri moja niliikata ncha, jambo linalouma moyo kulifanya, lakini ndilo lililoifanya itoe matawi mengi. Nilitandaza majani makavu bila kuyagusisha na mashina, na nilimwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, ili majani yasilale na unyevu.

Maua yalipoanza kunyauka niliyakata, kwa sababu mmea ukishaanza kukomaza mbegu hupunguza kuchanua. Nimeviacha vichwa vichache vikauke kwa ajili ya mbegu, nikivichagua kutoka kwenye mimea ya aina za kawaida pekee. Mbegu za chotara huzaa maua yasiyofanana na mzazi wake, na kwa hizo nitanunua upya.