Nilivyofanikiwa kuingiza ndege 36 ndani ya Illustrious ya maboksi

Meli za maboksi nimetengeneza tangu utotoni, hapa Likoni ukisubiri feri unaziona meli kubwa zikiingia Kilindini kila siku. Ila manowari ya kubeba ndege sikuwahi kuijaribu mpaka mwaka jana, nilipojua kwamba mwaka 1942 Wajapani walipozishambulia meli za Waingereza kule Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kuizamisha Hermes, ambayo nayo ilikuwa ya kubeba ndege, lile kundi la meli za Waingereza la Bahari ya Hindi lilirudi nyuma likaifanya Kilindini hii hii kuwa kituo chake. Illustrious, manowari nyingine ya Waingereza ya kubeba ndege, ilikuwa kwenye kundi hilo, tarehe 5 Mei mwaka huo huo ndege zake zilikuwa Madagaska zikiipiga bandari ya Diego Suarez. Nikasema basi naanza na hiyo.

Urefu wake ulikuwa kama mita 225. Nikachukua kipimo cha 1 kwa 350, yaani mita tatu na nusu za kweli ni sentimita moja kwangu, ikaja meli ya sentimita 64. Mwili haukunisumbua, boksi la tivii, gundi ya mbao, wembe, rangi ya kijivu, wiki tatu imesimama. Kazi ilikuwa ndege.

Ndege yake kuu ni Swordfish, ile ya mabawa mawili, moja juu moja chini, mwili umefunikwa kitambaa, watu watatu ndani, inabeba torpido moja, lile bomu refu linalokwenda majini, chini ya tumbo. Ukiiangalia utasema ni ya zamani sana kwa vita ile, lakini usiku wa tarehe 11 Novemba 1940 ndege 21 za aina hiyo ziliruka kutoka Illustrious zikaenda bandari ya Taranto kule Italia, zikazipiga manowari kubwa tatu na zikapotea mbili tu. Kila nikifikiria hilo mwili unanisisimka.

Nilitengeneza kumi kwanza, mabawa nimeyagandisha, torpido nikachonga kwa kijiti cha meno. Zikapendeza. Halafu nikakata shimo la lifti kwenye sitaha kwa vipimo vyake vya kweli, upana mita 6.7, kwangu ni sentimita 1.9, nikachukua ndege nijaribu kuishusha, haipiti! Bawa hadi bawa ni karibu sentimita 4. Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni akaniuliza, "Mjomba, sasa wao walikuwa wanazishushaje?"

Kumbe mabawa yanakunjwa. Nilikuwa najua kwa kusoma lakini sikuwa nimeelewa uzito wake mpaka pale mezani. Bawa la juu na la chini yanarudi nyuma kwa pamoja, yameshikana na vijiti vyake kama kiboksi, yanalala ubavuni mwa ndege, upana unashuka kutoka karibu mita 14 hadi mita 5 na kidogo. Kwangu sentimita moja na nusu.

Nikazikata zote kumi nianze upya. Bawaba ya karatasi ilikatika nilipokunja mara ya tatu. Ya uzi ilishika lakini bawa linaning'inia kama mkono uliovunjika. Iliyokubali ni waya mwembamba wa shaba, nilitoa kwenye chaja mbovu ya simu, natoboa kwa sindano juu na chini, napitisha, nakunja ncha, tone la gundi basi. Ndege moja jioni moja, na siku nyingine macho yanakataa naacha.

Ya 36, idadi ile ile iliyopangiwa meli yenyewe, ilipoisha nikazipanga kwenye hanga, yaani ukumbi wa kuwekea ndege chini ya sitaha. Hanga langu lina upana wa sentimita 5.4, kwa mabawa wazi ungeweka moja tu kwa mstari, zikikunjwa zinakaa tatu tatu, mistari 12, zikaenea zote na nafasi ikabaki kidogo mwishoni. Sikuamini, nilizihesabu mara mbili.

Wamarekani walibeba zaidi ya 80 kwenye meli kama Enterprise, sababu sitaha yao ilikuwa ya mbao na hanga limeachwa wazi pembeni, Waingereza wakaweka bamba la chuma la inchi 3 juu ya hanga, uzito ukala nafasi ya ndege. Mimi nipo upande wa chuma. Tarehe 10 Januari 1941 karibu na Malta, Illustrious ilipigwa mabomu sita, mojawapo likaangukia kwenye lifti ya nyuma ambako chuma kile hakikuwepo, watu 126 wakafa, na bado ikajikokota mpaka Malta usiku wa siku ile ile. Lifti hiyo ya nyuma ndiyo ya mwisho kuibandika, niliikalia muda mrefu.

Sasa nimeshakata boksi la Indomitable, meli nyingine ya Waingereza ya kubeba ndege. Lifti yake ya mbele wenyewe waliipanua, kwa ajili ya ndege ambazo mabawa hayakunjwi, kwa hiyo safari hii rula imetangulia.