Ninachowataka wanafunzi wa kalkulasi wa Kidato cha Nne

Muhula ukifunguliwa huwaeleza wanafunzi wangu kwamba hatutaanza kalkulasi, yaani hesabu za kasi ya mabadiliko, kabla ya kila mmoja kuonyesha kuwa anaimudu aljebra, kwa sababu wengi wanaolalamikia mada hii huwa wamekwama kwenye vipeo na sehemu, wala si kwenye kalkulasi yenyewe. Kazi ya ziada huletwa asubuhi, hatua zote zikionekana. Jibu tupu halipati alama zote kwangu hata likiwa sahihi, maana katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hatua nazo zina alama zake. Kikokotoo kinaruhusiwa, mradi kisiwe cha kuprogramiwa.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni ile c, yaani namba yoyote isiyobadilika inayoongezwa mwishoni mwa integrali. Mwanafunzi akipewa 3x² atafute integrali yake, yaani usemi ambao ukinyambuliwa (ukitafutiwa kasi ya mabadiliko) hutoa 3x², akaandika x³ na kuweka kalamu chini, namrudishia daftari, kwani x³ + 5 na x³ − 8 nazo zikinyambuliwa hutoa 3x² ileile, na kuiacha c ni kuchagua jibu moja kati ya mengi yasiyo na kikomo bila kuambiwa uchague. Wengine huniona mkali. Na waone.

Anayecheleweshwa na foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, huingia kimya na kunakili maelezo baadaye. Aliyechelewa kwa uvivu hutatua swali ubaoni, adhabu ambayo, kusema kweli, baadhi yao wameanza kuipenda. Kuigiliza kazi ya jirani sikuvumilii: madaftari yote mawili hupata sufuri, na wenyewe huirudia kazi hiyo mbele yangu.